Shughuli za mikono za kuwafahamisha watoto kuhusu Ghana: adinkra, kente au oware?

Mwanzisha mada
Wanajukwaa, nawasalimu. Ninasimamia klabu ya Jumamosi ya watoto wenye umri wa miaka 6 hadi 11, na mwezi ujao tumepanga kuwafahamisha kuhusu Ghana. Nisingependa tuishie kupaka rangi bendera na kukariri kwamba nchi hiyo ilipata uhuru tarehe 6 Machi 1957, kwa sababu mambo ya namna hiyo mtoto huyasahau kabla hajafika nyumbani. Nimefikiria kuchapa kitambaa kwa adinkra, yaani alama za Waakan wa Ghana ambazo kila moja ina maana yake, kufuma kwa karatasi mfano wa kente, ile nguo ya kufumwa ya Ghana, au kucheza oware, mchezo wa mbegu na mashimo ulio jamaa ya bao. Muda wetu ni saa mbili na fedha ni kidogo. Sharti langu ni kwamba kazi ya mkono wa mtoto ifanane na kazi ya wenyewe wa Ghana, isiwe pambo la ukutani tu. Je, mngeanza na lipi?

Fundi Cherehani
Mwalimu, kwa sharti hilo kente ya karatasi naiona imeanguka mapema. Kupishanisha vipande vya karatasi vya rangi mbili hutoa kitu kinachofanana na mkeka, na mkeka watoto wetu wanaujua. Wafumaji wa Bonwire katika eneo la Ashanti, na wale wa Agotime Kpetoe upande wa Waewe, kabila la mashariki mwa Ghana, hufuma utepe mrefu wenye upana wa karibu sentimita 10, kisha tepe nyingi hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka ipatikane nguo. Uzito wa kazi umo katika kuunganisha huko, kwa maana mapambo ya utepe mmoja lazima yaoane na ya utepe wa jirani.

Ukiamua kuifanya, tumia uzi wa sweta na kipande cha boksi gumu kilichokatwa meno juu na chini ili kishike mtande, yaani nyuzi za urefu. Kila mtoto apitishe mshindio, uzi wa kukatisha, afume utepe wake, halafu wewe uzishone tepe zote ziwe nguo moja ya klabu. Hata hivyo, saa mbili hazitoshi, na mtoto wa miaka 6 atalia. Waachie wakubwa, nao waiendeleze kwa Jumamosi kadhaa.

Niliyeishi Kumasi
Kwa wadogo mimi nasimama na adinkra, ila ifanywe kama inavyofanywa Ntonso, kijiji cha wachapaji kisicho mbali na Kumasi. Mihuri huchongwa kwenye kipande cha kibuyu kikavu, rangi hupatikana kwa kuchemsha magome ya mti mpaka iwe nyeusi na nzito, na kitambaa hutandikwa juu ya kitu laini. Hili la mwisho wengi hulisahau: mtoto huchapa juu ya meza ngumu, alama hutoka nusu, naye huvunjika moyo. Weka chini magazeti yaliyokunjwa au kipande cha godoro, na utaona tofauti mara moja.

Kibuyu kikikosekana, kiazi mviringo kinatosha, mradi ukishakikata ukifute maji kwa kitambaa, la sivyo rangi itateleza. Alama ya Akoma, yaani moyo, ni nyepesi kuchonga. Dwennimmen, pembe za kondoo dume, inamtaka mwenye mkono uliotulia, na kisu kibaki kwa mtu mzima. Kabla ya kugonga mihuri, wachapaji huchora mistari ya kugawa kitambaa kwa kitana cha mbao kilichochovywa katika rangi, na uma wa mezani unaweza kufanya kazi hiyohiyo.

Naomba pia rangi zizingatiwe. Kwa Waakan, adinkra iliyochapwa kwenye kitambaa chekundu au cheusi ni vazi la msiba, na nyeupe ndiyo ya furaha. Wape watoto kitambaa cheupe, tena waelezwe sababu.

Mzazi wa Watatu
Naafiki, lakini kila mtoto atamke kwanza maana ya alama anayoitaka, la sivyo watachagua kwa kuangalia uzuri tu. Wanangu walipoonyeshwa alama ya mamba wawili wanaogombania chakula ilhali tumbo lao ni moja, walielewa bila maelezo, kwa sababu kwetu nyama hugombaniwa kila siku. Sankofa, ndege aliyegeuza shingo nyuma, yenye maana ya kurudi kuchukua ulichokiacha, iliwachukua muda zaidi.

Mcheza Bao
Mmeisahau oware, nayo ndiyo pekee ambayo mtoto ataendelea nayo wiki nzima. Ubao wake una safu mbili za mashimo sita sita, na kila shimo huanza na mbegu nne, jumla 48. Trei ya mayai 30 ina safu tano za vishimo sita. Kwa hiyo trei moja inakupa mbao mbili, na safu inayobaki mnawekea mbegu zilizoliwa. Maharage yanafaa, ingawa waliopo Pwani watafute komwe, kwa kuwa hata Waghana huchezea mbegu hizohizo.

Mtoto aliyezoea bao letu atajikwaa mahali pamoja. Kwetu kete zilizoliwa hurudi mchezoni, lakini katika oware hutoka moja kwa moja. Unakula pale mbegu yako ya mwisho inapoangukia shimo la mwenzako na kulifanya liwe na mbegu mbili au tatu, na anayefikisha 25 ameshinda. Zaidi ya hayo, mwenzako akiishiwa mbegu upande wake, unalazimika kucheza shimo litakalompelekea mbegu, kama unalo. Kanuni hiyo inaeleza mengi kuliko hotuba yoyote kuhusu ukarimu wa Waghana.

Mzazi wa Watatu
Ndugu Mcheza Bao, huyo wa miaka 6 ataweza kuhesabu kote huko?

Mcheza Bao
Kusambaza mbegu anaweza. Hesabu ya mbele ndiyo itakayomshinda. Mpange na mkubwa, wacheze wawili dhidi ya wawili.

Niliyeishi Kumasi
Wakichoka kukaa, wachezeshe ampe, mchezo wa wasichana wa kuruka, kupiga makofi na kutupa mguu mbele, ambapo pointi hutegemea kama miguu ya wachezaji wawili imelingana au imepishana. Hauhitaji kifaa chochote.

Mwanzisha mada
Nawashukuru. Jumamosi ya kwanza tutachapa adinkra, kila mtoto kwenye kipande chake cha kitambaa cheupe, na wakati rangi inakauka watacheza oware kwa jozi za mkubwa na mdogo. Kente ya uzi nitaianza na wenye miaka 9 kwenda juu, sharti nipate maboksi magumu. Fundi Cherehani, meno ya boksi yaachane kwa kiasi gani?

Fundi Cherehani
Nusu sentimita. Yakikaribiana zaidi ya hapo, uzi wa sweta utajazana na boksi litajikunja.