Mliowahi kufanya kazi kwenye vipindi vya mabishano vya TV, tupeane uzoefu wa nyuma ya pazia

Wakuu, habari zenu. Nazungumzia vile vipindi ambavyo wageni wawili wasioiva chungu kimoja wanakalishwa meza moja, mwendesha kipindi anachochea na hadhira inazomea. Mimi nilikuwa mtafuta wageni kwenye kituo kidogo. Watazamaji wengi huamini mambo mawili: ama kila kitu kimeigizwa, ama hakuna kilichopangwa. Kwetu maneno hayakupangwa hata siku moja. Yaliyopangwa ni mazingira.

Wageni wa pande mbili hawakuonana kabla ya kipindi. Kila mmoja alikuwa na chumba chake cha kusubiria na mlango wake wa kuingilia. Watu wakikaa pamoja kidogo tu wanaulizana habari za watoto, na wakishafika hapo ugomvi hautoki tena. Usaili wenyewe ulifanyika kwenye simu: namsomea mgeni alichosema mwenzake, kisha nasikiliza sauti yake inavyobadilika. Aliyejibu kwa utulivu sana hakuitwa. Hilo liliniuma kila wiki, maana waliokuwa wanaijua mada kwa undani ndio hao watulivu.

Karibuni, nanyi mtupe yenu.

FUNDI SAUTI
Mada nzito hii. Wawili wakipayuka kwa pamoja, mtazamaji wa nyumbani hasikii neno, kwa hiyo lazima mmoja ashushwe sauti. Mwongozaji anataja nani, mimi nashusha. Yule uliyedhani kaishiwa hoja, pengine maikrofoni yake ilikuwa chini. Mle studio bado anasikika vizuri, kwa hiyo anaendelea kubishana bila kujua kwamba nyumbani hasikiki. Kwangu ile ilikuwa dhamana kubwa kuliko ya mwendesha kipindi.

Siku moja mgeni aliinuka kwa hasira akatoka, kile kisanduku cha maikrofoni kikiwa bado kinaning'inia kiunoni. Nikamsikia ukumbini anampigia mkewe, anamuuliza kama watoto wameangalia. Nilikata haraka. Tangu siku hiyo nilimwomba kijana mmoja asimame mlangoni, kazi yake ni kuvua vile visanduku tu.

MSIMAMIZI WA HADHIRA
Sisi tulipanga viti. Foleni ikiwa nje napita, nawauliza maoni yao, na wenye msimamo mkali wanapata viti vya pembeni karibu na maikrofoni ya kusimama. Jambo hili ni la zamani. Morton Downey Jr., aliyeanza kipindi chake mwaka 1987 kwenye kituo cha WWOR-TV huko New Jersey, aliwawekea watazamaji mimbari yao ya kupayukia.

Viti navyo vina historia yake. Mwaka 1988 ugomvi ulizuka kwenye kipindi cha Geraldo Rivera, naye akavunjwa pua kwa kiti. Studio yetu ilikuwa na viti vizito ambavyo mtu hanyanyui kwa mkono mmoja, na maji yalitolewa kwenye vikombe vya karatasi.

MPIGA PICHA
Nyie ongelea hayo, mimi nasema la matangazo ya biashara. Taa nyekundu ikizima, waliokuwa wanatukanana wanapitishiana maji. Ikiwaka, wanaendelea pale pale. Wapo wachache ambao hawakunyamaza hata wakati wa matangazo, na hao ndio niliowahofia.

MPOKEA WAGENI
Nashukuru umesema hivyo, kwa sababu hatari kubwa iko baada ya kipindi. Mwaka 1995 huko Marekani mgeni wa kipindi cha Jenny Jones aliuawa na mgeni mwenzake siku tatu baada ya kurekodi, na kipindi chenyewe hakikurushwa. Uingereza nako, Mei 2019 ITV walikifuta kipindi cha Jeremy Kyle baada ya kifo cha mtu aliyekuwa mgeni wao. Mimi nilihakikisha mmoja anaondoka kwanza, mwingine anakaa nami hadi atulie, na kesho yake nawapigia wote. Bosi alisema napoteza muda. Sikuacha.

MCHANGIAJI MPYA
Samahanini wakubwa, nimealikwa kwenye kipindi cha aina hii wiki ijayo. Nifanyeje?

MTAFUTA WAGENI
Ndugu yangu, uliza kwanza mwenzako mezani ni nani na mada kamili ni ipi, wakuandikie. Wakikuficha, usiende. Uliza pia kama ni mubashara au kinarekodiwa, maana kikirekodiwa kinahaririwa. Ukiwa mezani, hoja yako kuu iseme kwenye jibu la kwanza kabisa, sauti ikiwa bado juu. Mwenzako akikukatiza, nyamaza, mwache amalize, kisha anza upya: mwongozaji akiona umetulia, kamera inakuja kwako. Na ukitoka, vua maikrofoni kabla hujasema neno.