Fremu ya saluni Sakina: kilemba milioni mbili, na mwenye nyumba hataki kusikia kodi ya zuio. Nifanyeje?

NeemaSaluni:
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela. Nimepata fremu Sakina hapa Arusha, barabara ya Namanga, nataka kuhamishia saluni yangu kutoka Ngarenaro. Pango laki tatu kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka mwaka mzima kwa mkupuo. Dada anayeondoka kwenye fremu anadai kilemba (hela ya kuachiwa nafasi) cha milioni mbili kwa ajili ya vioo, masinki na wateja waliokwisha kulizoea eneo. Dalali naye anataka pango la mwezi mmoja. Jumla milioni 5.9, na hapo sijanunua hata dawa ya nywele.

Nilipomuuliza mwenye nyumba kuhusu kodi ya zuio alinijibu, "Hayo malizana na TRA, mimi nataka hela yangu kamili." Tena kashanidokeza kuwa mwakani bei itapanda kwa sababu ya AFCON 2027. Eneo nimelipenda sana, hiace za Ngaramtoni zinashusha pale pale.

Mhasibu_Kaloleni:
Dada Neema, zuio si hiari. Ukipanga kwa ajili ya biashara, wewe ndiye unayetakiwa kukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA, ila kodi yenyewe ni ya mwenye nyumba. Kwenye 3,600,000 unakata 360,000, yeye anapokea 3,240,000. Aking'ang'ania 3,600,000 mkononi, basi pango halisi ni 4,000,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya 333,000 kwa mwezi. Bei ijadiliwe hapo. Ongeza ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka.

Akikushawishi muandike mkataba wa kiasi kidogo kuliko unacholipa, kataa. Siku mkigombana, kilichoandikwa ndicho utakachoweza kudai.

Meku wa Mbuyuni:
Mdogo wangu, mimi nafanya biashara Moshi, na kilemba kimeliza watu wengi huku. Vioo na masinki ni mali ya huyo dada, nunua, kila kimoja kiandikwe na bei yake. Nafasi si yake, ni ya mwenye nyumba. Mtu anatoa kilemba, akifika kwa mwenye nyumba anaambiwa fremu kapewa mtoto wa shangazi, na aliyepokea hela hapatikani tena kwenye simu.

Anza na mkataba. Mwenyekiti wa mtaa akuthibitishie nyumba ni ya nani na kama haina ugomvi wa mirathi (nyumba za urithi huku Kaskazini zina mambo: anasaini kaka mkubwa, baadaye wadogo zake wanakuja kudai hawakushirikishwa). Hela ya vifaa itoke siku unayokabidhiwa funguo, si kabla. Na kwa nini anaondoka? Majibu yake usiyategemee peke yake, kaa na wenye fremu za jirani uwasikilize.

Binti Mianzini:
Kapime pia umbali. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Ukikuta X nyekundu ukutani, hiyo fremu achana nayo kabisa. Wakija kubomoa, pango ulilolipa mbele utalifuatilia mpaka uchoke.

NeemaSaluni:
X sijaona, ila kesho napima. Asanteni sana. Je, umeme? LUKU ni moja na fremu ya jirani, fundi wa kuchomelea.

Meku wa Mbuyuni:
Hapana, hapo mtagombana kila wiki. Yeye anachomelea, wewe una draya. Sharti la kwanza liwe mita yako peke yako, na gharama za kuifunga zikatwe kwenye pango, kwa maandishi.

Mhasibu_Kaloleni:
Kwenye LUKU inakatwa pia kodi ya majengo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ni deni la mwenye jengo, kwa hiyo iandikwe kwenye mkataba kuwa hela hiyo utaikata kwenye pango.

Kuhusu AFCON, omba mkataba wa miaka miwili, bei isiguswe mpaka uishe, malipo ya miezi sita sita, na notisi ya miezi mitatu kwa pande zote. Usikubali ahadi ya mdomo tu. Akikataa kuandika bei ya mwaka wa pili, mwambie dalali akutafutie fremu nyingine, hata Kwa Mrombo zipo.