Bongo Movie iliuawa na picha za nje, au tuliiuza wenyewe?

Mhariri wa Sinza

Mada hii nimeiokota jana kwenye daladala. Vijana wawili wanabishana: mmoja anasema Bongo Movie (filamu zetu za Kitanzania) ilizikwa pamoja na mwigizaji Kanumba, Aprili 2012, mwenzake anasema iliuawa na picha za nje, yaani filamu za kigeni. Nikaikumbuka Aprili 2017, wasanii wetu walipoandamana Kariakoo wakitaka picha za nje zinazouzwa bila stempu ya kodi ziondolewe sokoni. Mitandaoni walishambuliwa vibaya sana: "Tengenezeni kazi nzuri kwanza!" Mimi miaka ile nilikuwa chumba cha kuhariri, na nasema waandamanaji na waliowatukana wote walibisha hodi mlango usio wenyewe.

Biashara ilikuwa hivi. Produsa anakopa, anapiga picha kwa siku 7 au 10, nyumba ya kuazima, gari la kuazima, halafu anapeleka masta, ile nakala kuu ya picha, kwa msambazaji. Msambazaji hatazami picha, anatazama kava. Yupo nani? Kama stelingi, yaani mwigizaji mkuu, anajulikana, bei inapanda. Kama hajulikani, rudi na masta yako nyumbani. Mkielewana unalipwa mara moja, unasaini, kwaheri. Haki zote zimebaki dukani. Hata akiuza nakala laki moja, hizo ni hesabu za jirani.

Ubovu mwingi mnaoulaumu ulizaliwa hapo. Kwa kuwa kilichonunuliwa ni diski, hadithi moja ikapasuliwa Sehemu ya 1 na Sehemu ya 2. Nimehariri picha ambayo mtu anashuka garini, anafunga mlango, anatembea hadi getini, anabisha, anasubiri, anapangusa kiatu. Nilitaka kukata, nikaambiwa niache, dakika za diski ya pili hazijatimia. Watazamaji wakasema hatujui kuhariri. Tulijua, jamani.

Mwaka 2010 nilimalizia picha moja kwa ahadi ya kulipwa nusu iliyobaki ikishaingia sokoni. Ikaingia. Nikaikuta hadi kwenye basi la Mwanza. Produsa akaniambia msambazaji kasema "haikuuza." Utabishana naye vipi, na daftari liko kwake?

Kwa hiyo nauliza: tungezuia picha zote za Wahindi, Wakorea na Wamarekani, tungepona?

Mama Kibanda, Mbagala

Mwanangu, mambo ya masta siyajui, mimi najua mabenchi. Nina kibanda umiza, kibanda cha kuonyeshea video, mwaka wa kumi na mbili huu. Kinachojaza benchi ni mpira, halafu picha ya ngumi iliyotafsiriwa. Enzi za Lufufu, yule mtafsiri wa picha, hata picha ikiwa mbovu watu wanakaa, kwa sababu wamemfuata yeye: stelingi anambatiza jina, anamtukania adui, anaongeza utani ambao kwenye picha haumo. Sasa Bongo Movie nikiweka, wanaume wanatoka nje kuvuta sigara. Wateja wake ni akina mama na wadada, na hao wanatazamia nyumbani, mchana, na jirani.

Ukizuia za nje, wateja wangu hawatahamia kwenye zenu. Watasubiri mpira.

Mpinzani wa Ilala

Kaka Mhariri, unaongea kwa uchungu lakini umemwonea mfanyabiashara. Produsa alikuwa na benki gani? Nani mwingine angempa mtu asiye na hati ya nyumba mamilioni kwa ajili ya hadithi ya mchawi na mke mdogo? Msambazaji alilipa mbele, akachapa nakala yeye, akachapa makava yeye, na picha ikioza, inaozea ghalani kwake. Hasara zake hukuzisikia kwa sababu hazikuwa zako.

Halafu mnaisifia Hollywood kana kwamba kule wanagawana kama ndugu. Mwandishi wa riwaya iliyozaa Forrest Gump aliahidiwa asilimia 3 ya faida halisi. Picha ile ya 1994 iliingiza zaidi ya dola milioni 600 duniani, na vitabu vya studio vikasema bado iko kwenye hasara. Milioni 600! Sasa msambazaji wetu mwenye kikokotoo na daftari la kaunta unamshangaa nini?

Muuaji ni mwizi. Picha inatoka Jumatatu, Jumatano inauzwa ikiwa imebanwa na nyingine ishirini kwenye diski moja. Stempu za kodi za TRA, Mamlaka ya Mapato, zilipoanza 2013 tukadhani dawa imepatikana. Kumbe mwenye kuchapa kihalali ndiye aliyebeba stempu, mwizi akaendelea bila mzigo. Na Sheria ya Hakimiliki ipo tangu 1999. Anzeni hapo.

Mzee wa Malindi, Unguja

Wanangu, mnazungumza kana kwamba sinema ilianza na diski. Sisi tulikuwa tukipanga foleni Majestic na Cine Afrique. Dar mlikuwa na Empire, Avalon, Empress, na ile ya kutazama mkiwa ndani ya magari kule Msasani, mahali ulipo ubalozi wa Marekani hivi leo. Familia nzima inakwenda Jumapili, na chakula kwenye kapu.

Tiketi ilikuwa na namba. Mwenye ukumbi anajua zimetoka ngapi, mwenye picha anajua, na mtoza ushuru anajua pia. Ugomvi ulikuwepo, tena mkubwa, lakini uligombewa kwa karatasi. Ilipokuja video, watu wakabaki majumbani, kumbi zikafa, na zile namba zikafa nazo. Bongo Movie ilizaliwa baada ya mazishi hayo. Mtoto hakupata kumwona babu yake.

Ama huo uhindi na uzungu wa picha, sisi tuliimba nyimbo za picha za Raj Kapoor, nyota wa Kihindi, bila kujua maana yake, na hakuna aliyesema zinatuua.

Mtoto wa River Road, Nairobi

Shikamoo Mzee. Niruhusuni niingie kutoka huku, maana nyinyi mnalilia kuuza masta baada ya picha kukamilika. Sisi watu wa sinema huru tunaiuza kabla hata ya kuwasha kamera.

Picha ya kujitegemea hapa hupata pesa kwa maombi ya ruzuku. Nairobi Half Life ya 2012 ilitokana na warsha ya One Fine Day, mradi wa mwongozaji Mjerumani Tom Tykwer, na Supa Modo ilitoka kwenye mlango huohuo, ikaonyeshwa kwanza Berlin 2018. Ni picha nzuri, nazipenda, na Half Life ilijaza kumbi hapa nyumbani. Lakini nimekaa na hizo fomu. Unaulizwa picha yako inagusa suala gani la kijamii. Nikitaka kuchekesha tu? Nikitaka mapenzi ya kawaida, watu wasio na dhiki yoyote? Kisanduku hicho hakipo kwenye fomu.

Na hata ukimaliza, kuna bodi ya kuainisha filamu. Rafiki ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuingia kwenye uteuzi rasmi wa Cannes, 2018, na ilikuwa tayari imepigwa marufuku nyumbani kwa kuonyesha mapenzi ya wasichana wawili. Mahakama Kuu ikaifungulia siku 7 mwezi wa Septemba. Siku hizo 7 tulipanga foleni. Wasioipenda wana haki ya kutoipenda, sitaki tuhamie kwenye ugomvi ule. Ninachosema ni kwamba watazamaji wapo na wanalipa wakipewa mlango. Kwa hiyo, kaka wa Ilala, mwizi si jibu lote.

Mpinzani wa Ilala

Foleni ya siku 7 Nairobi haiwezi kulisha produsa wa Tandika, dada yangu. Tiketi moja ya ukumbi wa kwenye jengo la maduka ni mboga ya siku mbili kwa mteja wa Bongo Movie. Kumbi zenu ni za watu wenye magari.

Mtoto wa River Road, Nairobi

Hapo umenishika. Kweli.

Msomaji wa Muscat

Mimi niko Oman, mama yangu ni Mzanzibari. Huku tamthilia za Kiswahili tunazitazama YouTube kila usiku, shangazi zangu hawalali. Tunatazama hadi matangazo. Je, hela hiyo inamfikia mtengenezaji au nayo kaisaini mtu?

Mhariri wa Sinza

Dada wa Muscat, inategemea chaneli ni ya nani. Ikiwa ya mtengenezaji, inamfikia, na mtazamaji wa Muscat kwa kawaida ana thamani kubwa zaidi kwa tangazo kuliko mtazamaji wa Mbagala, kwa sababu mtangazaji wa huko analipa zaidi. Ila najua vijana walioigiza mfululizo mzima na chaneli ni ya mtu mwingine kabisa. Masta imerudi kwa jina jingine.

Mpinzani, nakupa nusu. Ni kweli msambazaji alibeba hatari, na bila yeye picha nyingi zisingekuwepo. Hizo hasara sikuzisikia, umesema kweli. Lakini mfano wako wa Forrest Gump unanisaidia mimi. Mwandishi yule alijua kwamba ni milioni 600 kwa sababu mauzo ya tiketi hutangazwa hadharani, hadi muuza magazeti anayajua. Alidhulumiwa, ila alidhulumiwa juani. Kwa wastani karibu nusu ya pesa ya mlangoni hubaki kwa mwenye ukumbi, nusu hurudi studio, na kila upande una wakaguzi wake. Sisi tulidhulumiana gizani. Na mwizi wako naye alineemeka na giza hilohilo: kama hujui nakala halali ni ngapi, za wizi utazitambuaje?

Mwaka 2023 waandishi wa Hollywood waligoma siku 148, waigizaji nao siku 118. Sababu zilikuwa nyingi, akili bandia ikiwemo, lakini moja ingeeleweka Kariakoo bila mkalimani. Netflix na wenzake hununua kazi kwa mkupuo, gharama zote na nyongeza juu, kisha wanaweka haki mfukoni, na kwa miaka mingi walikuwa hawakuambii imetazamwa mara ngapi. Ni masta ileile, ofisi tu ndiyo ina kiyoyozi. Waandishi walirudi kazini baada ya kukubaliwa, pamoja na mengine, kwamba chama chao kitaonyeshwa saa za utazamaji, na kwamba kazi ikitazamwa na asilimia 20 ya wateja wa Marekani ndani ya siku 90 kuna bakshishi. Sisi 2017 tuliandamana kudai picha za nje ziondolewe. Daftari hatukulidai.

Ningependa iwe hivi: haki ya picha ikodishwe kwa miaka, mitatu au mitano, si kuuzwa moja kwa moja, na mkataba usio na kifungu cha hesabu usisajiliwe.

Mpinzani wa Ilala

Na ukimwambia hivyo produsa mwenye kodi ya nyumba ya miezi miwili, na mwingine amesimama mlangoni na bahasha?

Mhariri wa Sinza

Atachukua bahasha. Hata mimi nilichukua.

Mama Kibanda, Mbagala

Sasa nimeelewa habari ya daftari. Basi, Mhariri, nileteeni picha moja ya Kibongo, isiwe na sehemu ya pili, na msinitoze mbele. Nitahesabu vichwa mlangoni mbele ya kijana wenu, tugawane usiku huohuo. Ila msije Jumamosi, nina mechi mbili. Njooni Jumatatu.