Mjadala: Bastola ya chuma au ya plastiki, kwa sisi tunaokaa na chumvi?

Mstaafu, Malindi mjini

Ndugu zangu, nilifanya kazi katika ghala la silaha miaka mingi kabla ya kustaafu na kurudi nyumbani Malindi. Juzi jirani yangu, ambaye ana leseni, aliniomba nimsindikize kwa fundi aliyeidhinishwa, bastola yake itazamwe kabla hajaenda kuhuisha cheti. Ni CZ 75, ya ukoo ule ule ambao magazeti yetu huuita "bastola aina ya Ceska". Fremu yake, yaani kiunzi chenye mshikio, ni chuma kitupu, na uzito wake ni karibu kilo moja hata kabla hujatia risasi.

Kwa nje ilikuwa inang'aa. Jirani huipangusa kwa kitambaa cha mafuta kila wiki, na namwamini. Lakini fundi alipofungua skrubu za mshikio na kubandua vibao vya mbao, chini yake kulikuwa na unga mwekundu kama pilipili ya kusaga. Akausugua kwa mswaki. Vikabaki vishimo vidogo vidogo kama alama za ndui usoni. Jirani yangu alinyamaza kimya. Huibeba kiunoni chini ya shati, jasho linashuka, upepo wa kusi unaleta chumvi kutoka baharini, na vyote viwili vinajikusanya mahali asipopaona. Aliyewahi kuezeka mabati mji huu hahitaji kuelezwa zaidi.

Ndiyo maana naleta hoja hii, na naisema waziwazi: mwenye leseni wa pwani anayenunua bastola leo achague yenye fremu ya polima, yaani plastiki ngumu. Ile rangi nyeusi ya kizamani juu ya chuma ni utando mwembamba tu, haiwezi kushindana na bahari.

Jambo lenyewe si geni kama wazee wenzangu wanavyodhani. Wajerumani wa Heckler & Koch walitoa bastola ya fremu ya polima, VP70, mwaka 1970. Kisha akaja Gaston Glock wa Austria, mtu aliyekuwa akitengeneza vitu vya plastiki na visu vya jeshi, hana historia yoyote ya bunduki. Mwaka 1982 jeshi la Austria likaichukua bastola yake, Glock 17. Ilibeba risasi 17, na ikiwa tupu ilikuwa na gramu mia sita na kitu. M1911, bastola ya chuma ya Mmarekani John Browning, ambayo jeshi lao lilianza kuitumia mwaka 1911, ina kilo moja na zaidi na magazini yake, yaani kasha la risasi, ni ya risasi saba. Mwaka 2017 jeshi hilo hilo la Marekani likachagua SIG Sauer ya fremu ya polima kushika nafasi ya Beretta.

Nataka pia kuondoa uvumi. Tangu miaka ya 1980 watu wanasema bastola ya plastiki hupita kwenye mashine za uwanja wa ndege bila kuonekana. Si kweli. Mtutu ni chuma, slaidi, yaani sehemu ya juu inayorudi nyuma risasi inapotoka, ni chuma, na sehemu kubwa ya uzito wake ni chuma. Kilicho plastiki ni fremu, pale unaposhika, na ndipo jasho linapofanya kazi yake.

Askari wa zamani, Mambrui

Salaam, mzee mwenzangu. Kuhusu kutu sikubishii, ila umetaja kutu ukaacha mengine yote.

Mimi nimezoea Browning Hi-Power, ile ya mwaka 1935 yenye risasi 13. Uzito unaoulalamikia ndio unaotuliza mkono. Risasi inapotoka, chuma kinameza mshtuko na mtutu unarudi mahali pake. Nyepesi inarusha kiganja, hasa kiganja cha mtu wa umri wetu. Tena bastola yangu ina nyundo ninayoiona kwa macho: imevutwa au haikuvutwa. Ina sefti, yaani kizuizi cha usalama, ninayoigusa kwa kidole gumba hata gizani. Hiyo Glock yako nyundo haina kabisa, ina pini tu ya kupigia risasi iliyofichwa ndani, na sefti ya nje ya kidole gumba haina. Inazo tatu, naam, lakini zote hujiachia kwa kuvutwa triga, yaani kifyatulio.

Halafu, springi na pini za hiyo ya plastiki ni za nini? Si chuma? Mwenye bastola akishaambiwa haishiki kutu, hataifungua tena. Naogopa uzembe huo kuliko ninavyoogopa kutu.

Kijana wa Watamu

Shikamooni, wazee. Na ile ya chuma cha pua, yaani stainless, je? Halafu nasikia Beretta 92 nayo si chuma, fremu yake ni alumini. Sasa tunaihesabu upande gani?

Mama wa Shela ya Malindi

Wazee wangu, mnazungumza kana kwamba bastola inakaa na mwenyewe peke yake. Inakaa na sisi pia.

Mwaka jana nilikuwa kwenye harusi. Mwanamume mmoja aliona joto, akavua koti, akalitundika kwenye kiti cha plastiki, akaenda kupiga picha na bwana harusi. Koti lile likawa linaning'inia upande mmoja. Mtoto wa miaka minne hivi akaanza kuvuta mkono wake akicheza. Bibi mmoja aliyekuwa nyuma yangu ndiye aliyeona, akamnyakua mtoto, akamwita mwenye koti kwa sauti ambayo sitaisahau. Ndani ya mfuko kulikuwa na bastola ndogo nyepesi, bila ala. Alitwambia, "Hata nilisahau kama ninayo."

Hilo neno ndilo lililonikaa. Bastola ya kilo moja huwezi kuisahau, inakuvuta suruali. Hii nyepesi inafuatana na mtu harusini, hotelini ufukweni, hadi kwenye baraza ya kahawa. Mimi sisemi chuma wala plastiki. Nasema bodi inayotoa leseni, kama inavyomwuliza mtu sababu ya kutaka silaha, imwulize pia ala yake iko wapi, na sanduku lake la kufungia nyumbani liko wapi.

Mstaafu, Malindi mjini

Dada yangu, umenigusa. Nimesoma maneno yako mara tatu.

Nianze na kijana. Chuma cha pua kinachelewa kushika kutu, lakini kwa jasho na chumvi kinashika, nimekiona. Alumini haifanyi kutu nyekundu, ila rangi yake ya juu ikichubuka chumvi nayo inaitoboa taratibu.

Mzee wa Mambrui, kuhusu mshtuko umesema kweli, na mtu mwenye mkono dhaifu ajaribu zote mbili uwanjani kabla hajalipa. Kuhusu springi pia ni kweli: lazima ifunguliwe na ikaushwe, polima au si polima. Tena kuna jambo nililopaswa kulitaja mwanzo na sikulitaja. Glock huwezi kuifungua mpaka uvute triga kwanza. Mtu aliyetoa magazini akasahau risasi iliyobaki ndani ya chemba, nyuma ya mtutu, anaweza kujipiga, au kumpiga aliye chumba cha pili, wakati anadhani anasafisha. Kwa mtu wa haraka haraka hiyo ni hatari ya kweli, na chumvi haihusiki.

Lakini mnachanganya mambo mawili. Kukosa sefti ya nje ni uamuzi wa Glock, haukuletwa na plastiki. Ile SIG ya jeshi la Marekani, M17, fremu yake ni ya polima na sefti ya kidole gumba inayo. Kwa hiyo bado nasimama pale pale: kwa pwani yetu, polima. Mwenye watoto nyumbani atafute yenye sefti anayoiona, na ala ngumu inayofunika triga yote. La dada wa Shela naliunga mkono kama lilivyo.

Jirani yangu hajaamua. Kubadilisha kuna maombi na foleni, na ile CZ ameizoea. Kwa sasa amekubali kuvua vile vibao vya mbao kila anaposafisha. Mzee wa Mambrui, hiyo Hi-Power yako, vibao vyake umevibandua lini mara ya mwisho?