Mrejesho: mtoto wa miezi 9 aliyekuwa anakataa uji

Wazazi wenzangu, niliuliza hapa kuhusu mtoto kutema uji mzito, na ule mwepesi haumshibishi. Mama mmoja wa Moshi alinijibu: tia kimea cha ulezi (unga wa ulezi uliochipuzwa), kilekile cha kutengenezea mbege, pombe ya Wachagga. Imefanya kazi, na kwa wanaohangaika kama mimi, maelezo ni haya.

Ulezi unalowekwa usiku kucha, unachujwa, unafunikwa kwa kitambaa chenye unyevu siku 2 hadi 3 mpaka uchipue. Halafu unaanikwa juani ukauke kabisa, unapukuswa vimizizi, unasagwa. Kipindi cha baridi na manyunyu ndipo watu wanapoharibikiwa: ukichelewa kukauka unaota ukungu. Huo tupa wote, msiuonee huruma, kuchemsha hakuondoi sumu ya ukungu.

Pika uji mzito kabisa, epua, uache upoe kidogo, ndipo utie kijiko 1 cha chai cha kimea kwa bakuli na ukoroge. Baada ya dakika chache unalegea wenyewe, bila maji ya ziada, kwa hiyo shibe inabaki. Kosa langu la kwanza lilikuwa kukitia uji ukitokota. Joto kali linaua nguvu ya kimea na uji unabaki mzito vilevile. Ukishalegea, urudishe jikoni uchemke tena kuua vijidudu.

Ukitia karanga kwenye uji, zisagwe laini kabisa. Kunyonyesha kunaendelea kama kawaida.

Mama wa Moshi, asante sana dada yangu.