Uvimbe wa neva ya kusikia, milimita 9: nisubiri, nipigwe mionzi au nipasuliwe?

SikioLaKushoto
Wadau habari zenu. Daktari kanipa njia tatu, kasema zote zinafaa na uamuzi ni wangu. Wiki ya pili sasa sijui nishike ipi.

Nina miaka 46. Ilianza na simu. Miaka yote nilisikilizia sikio la kushoto, siku moja nikagundua nimehamia la kulia bila kujua tangu lini. Nikirudisha kushoto, sauti ya mtu naisikia, ila maneno hayashikiki, kama anaongea amefunika mdomo kwa kitambaa. Ukafuata mlio mwembamba usiokoma. Nilisafishwa nta, nikapewa dawa za mafua, hadi daktari wa masikio alipopima na kuona masikio yangu hayafanani. MRI ikaonyesha uvimbe wa milimita 9 ndani ya mfereji wa mfupa inamopita neva ya kusikia. Si saratani.

Vipimo vya kushoto: wastani desibeli 38 (namba ikipanda, usikivu umeshuka), maneno niliyoyapata asilimia 72. Sikio la kulia ni zima. Ninachotaka ni kutunza usikivu huu uliobaki. Waliopitia, nisaidieni.

MamaWawili
Pole sana kaka yangu. Wangu ulionekana ukiwa na milimita 7, huu ni mwaka wa 6 nasubiri. Kusubiri si kukaa bure: MRI baada ya miezi 6, kisha kila mwaka, na masikio yanapimwa kila mara. Umeongezeka milimita 1 tu. Uvimbe huu kwa kawaida hukua polepole, na kwa watu wengi hausogei kabisa kwa miaka.

Ila nisikufiche. Uvimbe haukukua, sikio likaenda. Mwaka wa 4 maneno yalishuka kutoka asilimia 80 hadi 35. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba uvimbe ukitulia na sikio liko salama. Sivyo.

Fremu4
Mimi nilisubiri miaka 2, ukatoka milimita 11 hadi 16, nikapigwa mionzi ya Gamma Knife. Ni siku moja tu, dozi yangu ilikuwa grei 12. Unafungwa fremu kichwani kwa pini nne. Kinachouma ni sindano za ganzi, fremu yenyewe inabana tu. Jioni nilikuwa kitandani kwangu.

Mambo mawili sikuyajua kabla. Kwanza, mionzi haiondoi uvimbe, inauzuia usiendelee. Pili, MRI ya mwaka wa kwanza ilionyesha umekuwa mkubwa zaidi! Nililia. Daktari akanieleza kwamba mara nyingi hujaa kwanza kabla ya kusinyaa, na kweli mwaka uliofuata ulikuwa umerudi nyuma.

Usikivu: miaka miwili sikuona tofauti, kisha ukaanza kupungua kidogo kidogo. Sasa upande ule nasikia kengele, mtu simpati.

UsoUmerudi
Wangu ulikuwa sentimita 3.2 na umeshaanza kusukuma shina la ubongo, kwa hiyo hapakuwa na cha kuchagua, ni upasuaji. Walichonga mfupa nyuma ya sikio wakapita katikati ya sikio la ndani. Njia hiyo inaua usikivu wa upande huo siku hiyohiyo, na nililijua hilo kabla ya kusaini.

Kaka, unauliza kuhusu sikio tu. Neva ya uso inapita mfereji huohuo, bega kwa bega na ya kusikia. Nilizinduka upande mmoja wa uso umelala. Miezi 7 naweka matone kwenye jicho mchana kutwa, usiku nalibandika plasta lisikauke, nikinywa maji yanachuruzika pembeni ya mdomo. Umerudi, si wote.

Kwa ukubwa wa kwako zipo njia za upasuaji zinazojaribu kuokoa usikivu, mojawapo ni kufungua fuvu juu ya sikio. Hazina uhakika. Ukifika huko muulize daktari amefanya wangapi kama wewe, na wangapi walibaki na sikio. Usione haya.

MpimaMasikio
Kupima usikivu ndiyo kazi yangu, na watu wa uvimbe huu nawatambua kwenye kipimo cha maneno. Namwambia "kata", anajibu "pata". Nasema "taka", anasema "kaka". Naongeza sauti, anakosea zaidi. Sauti inafika, ila neva inaipeleka kwenye ubongo imevurugika, na herufi kama k, p na t ndizo zinazopotea mapema. Kwa hiyo kila ukipimwa, angalia maneno kabla ya desibeli. Mpaka unaotumika sana kusema sikio bado linafaa ni wastani usiozidi desibeli 50 na maneno yasiyopungua asilimia 50. Bado uko upande mzuri.

Kuhusu swali lenyewe: mwaka 2023 ulitoka utafiti wa Norway. Wagonjwa 100 wenye uvimbe mdogo uliogunduliwa karibuni waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine mionzi mapema, wengine kusubiri. Baada ya miaka 4 uvimbe wa waliopigwa mionzi ulikuwa mdogo zaidi, lakini kwenye usikivu makundi hayakutofautiana kwa maana. Hakuna njia kati ya hizi tatu inayorudisha kilichopotea. Mionzi inapigwa kuzuia uvimbe, kwa hiyo usiichague kwa kutegemea kuokoa sikio. Kwa vipimo vyako mimi ningesubiri, na ningeamua upya MRI ikionyesha unakua.

Sikio likifa kabisa, kuna kifaa kinachookota sauti upande huo na kuirusha kwenye sikio zima, au kinachotikisa mfupa wa fuvu. Vyote vinakuwezesha kumsikia aliyeketi upande huo, ila sauti inatoka wapi bado hutajua, maana ubongo unahitaji masikio mawili kulinganisha. Kipandikizi cha koklea (kifaa kinachowekwa kwenye sikio la ndani na kuiamsha neva kwa umeme) kinaweza kusaidia hata hilo, iwapo neva yenyewe imebaki hai.

Shangazi_K
Naomba kuongeza. Hakikisha MRI iliangalia pande zote mbili. Mtoto wa kaka yangu alikutwa na uvimbe kulia na kushoto akiwa na miaka 19. Huo ni ugonjwa wa kurithi, unatokana na jeni iliyo kwenye kromosomu ya 22, ingawa kwao hakuna mwingine. Kwake ilianza yeye. Mtu wa hivyo hesabu zake ni nyingine kabisa, kila uamuzi wa sikio moja unagusa la pili. Sasa hivi anajifunza lugha ya alama angali anasikia, na sisi tunajifunza naye.

SikioLaKushoto
Asanteni mno. Shangazi, nimerudia kusoma ripoti, kulia hakuna kitu. Mpe kijana salamu zangu.

Nimeamua kusubiri hadi MRI ya miezi 6. UsoUmerudi, ukweli ni kwamba sikuwahi kuuliza kuhusu uso, nimeliandika kwenye daftari la maswali. MamaWawili, dada yangu, ule mwaka wa 4 ulishuka polepole au ghafla?

MamaWawili
Ghafla. Niliamka sikio limejaa kama nimetoka kuogelea, mlio umepanda. Nikasema litafunguka, nikakaa siku 9. Nilipofika niliambiwa dawa za steroidi husaidia zaidi zikianzwa mapema. Wewe ukiamka hivyo, nenda siku hiyohiyo.