Mdhibiti "ameishauri" kampuni imwache mteja: ni ushauri au ni amri?

Mzani_Sawa:
Wakuu, naomba msaada. Kampuni ya bima Marekani imepokea barua kutoka mamlaka ya jimbo inayoipa leseni. Barua haiamuru kitu, "inashauri" tu kampuni itazame upya uhusiano wake na chama fulani cha wanaharakati. Siku mbili baadaye ikaja simu, na humo ukadokezwa ukaguzi. Bodi inakutana wiki ijayo, wengi wanataka mkataba uvunjwe yaishe. Serikali ina uwezo huo? Kampuni ianzie wapi?

Ngalawa:
Ofisa anaruhusiwa kutoa maoni, hata kukilaani chama hicho hadharani. Asichoruhusiwa ni kutumia rungu la leseni ili kukinyamazisha kupitia kampuni yenu.

Msingi ni kesi ya Bantam Books dhidi ya Sullivan, 1963. Tume ya jimbo la Rhode Island iliwatumia wasambazaji notisi za vitabu ilivyoona havifai. Haikuwa na mamlaka ya kumwadhibu mtu, lakini baada ya notisi alipita polisi kuuliza hatua iliyochukuliwa. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa hoja kwamba huo ulikuwa ushauri tu.

Mwaka 2024 ikaja NRA dhidi ya Vullo, inayofanana sana na yenu: msimamizi wa huduma za fedha wa New York alidaiwa kuzibana kampuni za bima ziachane na NRA, chama cha wenye bunduki. Majaji wote tisa walisema madai hayo, yakiwa kweli, yanavunja Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yanayolinda uhuru wa kujieleza. Hapo hupimwa lugha na sauti ya ofisa, mamlaka aliyonayo juu ya mpokeaji, mpokeaji alivyouelewa ujumbe, na kama adhabu ilitajwa. Barua yenu peke yake ni hafifu. Simu ndiyo yenye uzito.

Karani_wa_Bodi:
Basi simu hiyo iandikwe leo, kabla kumbukumbu haijafifia: saa, majina, maneno yaliyotumika. Aliyeipokea atie saini na tarehe. Kurekodi simu zijazo kusubiri wakili, maana baadhi ya majimbo yanataka kila aliye kwenye simu aridhie. Zuieni ufutaji wa barua pepe na jumbe zote zinazogusa suala hili.

Kisha mjibuni mdhibiti kwa maandishi, kwa adabu, mkiuliza mambo mawili tu: ni kifungu gani cha sheria kinachohusika, na je, hili ni agizo? Ofisa mwenye sheria mkononi atakitaja kifungu. Asiye nayo mara nyingi hurudi nyuma, na jibu lake, au ukimya wake, unabaki kwenye faili.

Kosa linaloua kesi hizi hutokea kwenye kikao cha bodi. Mkataba unavunjwa kwa sababu ya simu, halafu kumbukumbu za kikao zinaandika "sababu za kibiashara". Mkiandika hivyo mmemfutia ofisa nyayo zake.

Tochi:
Naunga mkono, na Murthy dhidi ya Missouri, 2024, inaonyesha kwa nini. Walalamikaji, waliodai serikali iliishinikiza mitandao ya kijamii izuie maudhui yao, walishindwa kwa kura 6 kwa 3 bila hoja yao kuu kuamuliwa, kwa sababu hawakuunganisha shinikizo la serikali na madhara yao. Mitandao ya kijamii ilikuwa ikidhibiti maudhui ya aina hiyo kwa uamuzi wake hata kabla ya shinikizo. Mpangilio wa tarehe ndio ushahidi.

Kingine: kama kampuni ina makosa halisi ya leseni, irekebishe sasa. Makosa hayo hayampi ofisa ruhusa ya kunyamazisha mtu, ila yanampa kisingizio.

Mzani_Sawa:
Asanteni. Kama kampuni yenyewe inaogopa kumshtaki mdhibiti wake?

Ngalawa:
Woga huo unaeleweka, na ndiyo maana kwenye Bantam walioshtaki walikuwa wachapishaji, si msambazaji, na kwenye Vullo alikuwa mteja, si kampuni za bima. Mwambieni mteja mapema, mkataba ukiwa bado hai. Wakili wake anaweza kuomba zuio la muda kabla ya madhara. Kudai fidia kutoka kwa ofisa binafsi ni kugumu zaidi, kwa sababu ya kinga wanayopewa maofisa.

Karani_wa_Bodi:
Na taarifa hiyo kwa mteja ipitie kwa wakili, ikiwa na nakala ya barua ya mdhibiti, endapo hakuna sharti la kisheria la usiri.